Betri Imelala

Kwetu Tanuf, bara ya Omani, baridi haikuwa baridi mpaka jirani yetu atoe betri ya pikipiki. Watu wa Maskati wakija na mahema yao, watoto wakivaa masweta kwenda skuli, maji ya bomba yakikata vidole alfajiri, yote hayo yalikuwa bado. Siku aliyoonekana amepiga magoti barazani kwake, spana mkononi na mswaki mkuukuu umebanwa sikioni, ndiyo siku mkewe aliyopaza sauti kutoka jikoni: "Haya jamani, mke mwenzangu anahamia ndani!" Hapo na sisi tukatoa mablanketi.

Tulimwita Ami, mtaa mzima, ingawa hakuwa ami wa mtu yeyote pale. Mungu amrehemu, alikuwa mhandisi wa barabara aliyestaafu, mrefu, mkavu, na kofia ya viua iliyopigwa wanga mpaka ikasimama wima. Mimi ni mwalimu wa jiografia Nizwa. Nyumba yetu na yake zimeachana ukuta tu, na marehemu baba yangu alikuwa mwenzake wa karata. Nimemwona akiilaza betri ile tangu nikiwa kijana mpaka na mimi nikaota mvi.

Kuilaza kulikuwa na taratibu zake. Kwanza waya wa hasi, halafu wa chanya, na ukimuuliza kwa nini si kinyume chake alikutazama kama uliyeuliza kwa nini watu hutawadha kabla ya kusali. Alisugua vichwa vya betri kwa magadi na maji mpaka ile kutu nyeupe itoke, akavikausha, akavipaka mafuta ya mgando. Sakafuni haikuwekwa hata siku moja. Ilikaa juu ya kipande cha ubao wa msaji katika chumba cha magodoro ya wageni, mbali na ukuta wenye unyevu, na mara moja moja aliifungia chaja ndogo, akafungua dirisha. "Ukiitupa hivi hivi inakufia usingizini," alituambia. "Lazima uilishe kidogo kidogo." Mkewe akadakia: "Miye hata chai sijaulizwa leo."

Mambo hayo aliyapata ujanani, alipotoka Unguja akenda kusoma nchi ya baridi kali, mahali ambapo theluji ilizika pikipiki mpaka kwenye usukani. Mama mwenye nyumba kule alimwekea betri jikoni, karibu na jiko, na yeye akaichukua tabia ile akaja nayo Omani nzima nzima, kama wenzake wa Unguja walivyokuja huku na mbuzi za kukunia nazi. Sasa nchi hii jamani! Nchi hii kinachoua betri ni jua. Baridi ndio wakati wenyewe wa kupanda pikipiki, vijana wanatoka mpaka Sur na kurudi, upepo mzuri, barabara kavu. Ami yeye alisafiri Julai, jua la kukaanga yai, na Januari alikaa barazani amejifunika shali. Betri zake zilimfia Agosti, na kila ikifa alisema iliumizwa na baridi iliyopita.

Nilibishana naye sana. Nikamwambia, "Ami, baridi ya Tanuf haina ubavu wa kuua betri. Ungeilaza Juni, ukaiamsha mitende ikishavunwa."

"Weye umesomea mawe na mito," akanijibu. "Betri umeisomea wapi?"

"Hata wauzaji wa Nizwa wanasema hivyo hivyo."

"Wauzaji! Muuzaji anaomba ife ili umrudie."

"Mwache, mwanangu," mkewe akasema. "Huyo hata akizama atabisha kuwa hayo si maji."

Na alikuwa mbishi kweli, hasa wa maneno. Sisi tuliozaliwa huku Kiswahili chetu kina matege, tunakisema kwa kukipapasa. Mimi nikisema "kiti yangu" Ami alishika kichwa kwa mikono miwili. "Changu! Kiti changu! Marehemu babu yako angekusikia angejigeuza ubavu." Alimkosoa mke wangu, akawakosoa watoto wangu, akamkosoa mgeni aliyeleta rambirambi. Hatukumchukia kwa hilo. Alikuwa ndiye pekee mtaani aliyekuwa na Kiswahili chote, na alikilinda kama alivyoilinda betri yake.

Lakini Kiarabu kilimpiga chenga maisha yake yote. Ajabu yenyewe ni kwamba Qur'ani aliisoma mpaka imamu wetu, mtu wa Nizwa wa asili, alikuwa akifumba macho kumsikiliza. Hakosei herufi. Umtoe msikitini umpeleke dukani, basi. Kazini maisha yake yote alisema Kiingereza na wahandisi wa kigeni, nyumbani Kiswahili, na baina ya hayo mawili Kiarabu kilibaki cha kuonyesha kwa kidole. Muuzaji akijibu haraka haraka, Ami alitabasamu na kuitikia kwa kichwa, na hivyo ndivyo siku moja alivyorudi nyumbani na ndoo nzima ya samli wakati alitumwa sabuni. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Ami hakucheka. Aliibeba ndoo ile mwenyewe mpaka stoo, akafunga mlango, na hatukumwona tena mpaka magharibi.

Nilikuwa nikimwonea haya, na haya hizo zilikuwa zangu pia. Watu wa huku bara ya Omani ni waungwana, hawakutukani. Wanakuuliza tu, kwa upole kabisa, "Na wewe asili yako wapi?" na hali wameshaisikia katika ulimi wako. Ami jina lake la ukoo ni la mlima ule ule wanaotoka wao, na bado aliulizwa. Mtu aliyezoea kukosoa wenzake hana ngozi ya kukosolewa.

Alikuwa na kaka Misfat, juu mlimani. Baba yao mmoja, mama mbalimbali: baba alimwacha yule mkubwa na mamake, akenda Unguja, akaoa tena, akazaliwa Ami. Walionana mara ya kwanza wote wana ndevu. Kaka alikuwa mkulima wa mitende na ndimu, hajui neno la Kiswahili, hajapata kupanda ndege. Siku ile walikumbatiana wakalia, na kulia hakuhitaji lugha. Taabu ilikuja baadaye, ilipobidi wazungumze.

Mwaka nilioanza kusomesha, mtoto wa kaka alioa. Ilikuwa katikati ya baridi. Zamani hizo betri ililala wiki chache tu, zile za baridi kali, na kwa arusi ile Ami aliiamsha kabla ya siku zake. Alitangulia mbele na pikipiki yake, kanzu nyeupe, kilemba amekifunga upya, baba na mimi nyuma na gari. Sijapata kumwona amefurahi kama siku ile.

Tukaingia katika sabla, ule ukumbi wa wanaume wa ukoo. Wamejaa ukutani, wazee kwa vijana, fimbo zao mapajani. Tukapeana mikono kuanzia kulia mpaka tukamaliza duara, tukakaa, ikaja tende, ikaja kahawa katika vikombe vile vidogo ambavyo usipovitikisa kuonyesha kuwa umetosheka utaongezwa mpaka asubuhi. Kisha ikafika zamu ya khabari. Huku mgeni haachiwi kuzungumza ovyo. Mwenyeji humuuliza khabari kwa sauti, watu wote hunyamaza, na mgeni hujibu kwa maneno yale yale ya tangu na tangu: hatuna khabari ila kheri, njia salama, tuliowaacha wazima. Kila mtoto wa huku anayajua kabla hajajua kuvaa viatu.

Kaka akamuuliza Ami khabari.

Sasa fahamuni. Ami katika maisha yake ya Omani alikuwa mwenyeji siku zote. Wageni walimjia Tanuf, yeye akawauliza, wao wakajibu, na upande wa mwenyeji aliuhifadhi kwa kuusema kila Idi. Upande wa mgeni hakuna aliyepata kumuuliza. Akasafisha koo, na kwa sauti ile ile ya kusomea Qur'ani, mbele ya ukoo mzima, akamwambia kaka yake: "Karibuni, karibuni nyumbani. Mmetoka wapi? Mmeacha khabari gani nyuma yenu?"

Lo! Alimkaribisha mwenye nyumba ndani ya nyumba yake.

Vijana walificha nyuso katika ncha za vilemba. Mabega yanacheka, midomo imefungwa. Mtu mmoja upande wa pili akasema "Zinjibari," yaani mtu wa Unguja, si kwa nguvu, lakini mimi Kiarabu changu ni cha skuli na nilimsikia vizuri. Baba akatazama zulia. Nikatamani Ami asielewe, na nilipomtazama nikaona kuwa hilo neno moja amelielewa. Alikaa wima, mikono magotini, anasubiri kujibiwa swali ambalo hakupaswa kuliuliza.

Kaka yake hakucheka. Aliinamisha kichwa, akatazama ndani ya kikombe chake muda mrefu, mpaka mzee mwingine akaokoa jahazi kwa kuuliza khabari za mvua.

Nje, Ami alimshika baba mkono. "Umeona? Kaka kainama. Nimemuaibisha mbele ya watu wake."

"Hapana bwana, mbona jambo dogo."

"Kainama," Ami akasema. "Nimemwona kwa macho yangu."

Tangu hapo betri ikalala msimu mzima. Na msimu wa baridi huku ndio wa kila kitu: arusi, wageni, watu kutembeleana. Gari alikuwa amemwachia binti yake Maskati. Ukijitolea kumpeleka alikataa, ati mtu hapelekwi kwa nduguye kama gunia. Majira ya joto pikipiki ikiwa nzima alipanda mlimani mara moja, mchana, watu wamelala, akaacha zawadi mlangoni, akarudi.

Kila baridi yule mtoto wa kaka, bwana arusi wa siku ile, aliteremka na kikapu cha ndimu au makomamanga. Mimi nikaitwa kufasiri. "Baba anakusalimu, anasema njoo." Na Ami: "Mwambie betri imelala." Nililifasiri neno lile nikitazama miguu yangu, kwa sababu nyuma ya yule bwana gari lake lilikuwa limeegeshwa, na kiti cha mbele kitupu. Yeye naye, kwa adabu zake, hakukiangalia. Akasema tu, "Mungu aijaalie heri," akaondoka. Betri! Tulikuwa watu wazima tunaiombea dua betri.

Baridi moja alikuja na blanketi la sufu ya kondoo, limefumwa kwa mkono, mistari myekundu na myeusi. "Baba anasema hili ni la betri, isipate baridi."

Mtaa ulicheka wiki nzima. Mkewe akasema, "Haya, mke mwenzangu kaletewa mahari." Ami alilipokea, akashukuru, akaingia ndani, na nilipomfuata nilimkuta amekaa juu ya magodoro ya wageni na blanketi mapajani.

"Ananicheka," akaniambia.

"Labda hakucheki, Ami."

"Utampelekea nduguyo blanketi la betri kama humcheki?"

Akaifunika betri kwa lile blanketi, akaikunjia pembe vizuri. Kila mwaka baada ya hapo ililala humo humo.

Mara ya mwisho nilipomwona Ami katika afya yake ilikuwa Januari. Khabari zilikuja kwa simu kwamba kaka haamki kitandani. Mkewe hakufanya mzaha siku hiyo. Nilimsikia ukutani akimwambia mumewe: "Safari hii betri haina udhuru, baba." Baada ya sala ya asubuhi Ami akaja mlangoni kwangu, kavaa kofia yake na shali begani, hana kilemba.

"Nataka unipeleke kwa kaka," akasema. Halafu akatazama pembeni, kwenye mabanda ya mbuzi. "Na unisemee."

Nikamwambia ngoja nichukue ufunguo.

"Mtu na nduguye wa baba mmoja," akasema, "na mkalimani kati yao. Usimwambie mtu."

Njia nzima alijizoeza. Tulipita Al Hamra, tukaanza kupanda, na yeye midomo inacheza. Mimi nikamsomesha upande wa mgeni, kipande kwa kipande. Akikipata cha kwanza, cha tatu kinamtoka. "Miye nimepima barabara za nchi hii," akasema, "na maneno manne yananishinda." Alijipiga goti kwa ngumi. Nilitamani nimwambie kuwa hata mimi, Mungu anajua, nikiingia katika sabla moyo hunienda mbio, na ndiyo maana wanangu nawasemesha Kiarabu tu. Badala yake nikamrudisha kwenye kipande cha kwanza.

Tuliacha gari juu, tukashuka kwa miguu ngazi zile za mawe kando ya mfereji. Kaka alikuwa amelazwa katika chumba kidogo chenye dirisha la kutazama mitende. Amekuwa mdogo, shingo nyembamba, ndevu nyeupe pe. Mwanawe alikuwepo, na birika la kahawa, na tende. Tukasalimiana. Ndugu wale waligusana pua kwa pua, kama watu wa huku wanavyofanya, na wakakawia hapo. Kisha tukakaa, na kimya kikaingia, kimya kile cha kungojea khabari. Ami akaniangalia. Nikasogea mbele tayari.

Kaka alijiinua kidogo juu ya mto. Hakuuliza. Akasema kwa Kiarabu, polepole, neno moja moja: "Hatuna khabari ila kheri. Njia salama. Tuliowaacha wazima."

Mwanawe akashtuka. "Baba, wewe ndiye mwenyeji. Wewe unauliza." Akanitazama, macho yanasema mzee kaanza kupotea.

Mzee akainua kidole kumnyamazisha. Alikuwa anamtazama ndugu yake, amekaa kwa adabu alivyoweza, kama mgeni aliyekwisha kujibu na sasa anangojea kukaribishwa.

Ami alifahamu kabla yangu. "Karibu," akasema kwa Kiarabu, na sauti ikatoka ile ile. "Karibu nyumbani. Umetoka wapi? Umeacha khabari gani nyuma yako?" Yote, mpaka mwisho, hakukosea herufi. Kaka akaitikia kila kipande. Kisha Ami akalichukua birika kutoka kwa yule mtoto wa nduguye, akammiminia kaka yake kahawa kwa mkono wa kulia, ndani ya nyumba isiyo yake.

Mimi nilikaa sina kazi.

Kaka akanywa. Halafu akauliza, kwa maneno mepesi ambayo hata Ami aliyapata: betri je, haijambo?

Ami akanigeukia. Uso wote ulikuwa umemwiva. "Sasa nifasirie," akaniambia. "Neno kwa neno, usinipunguzie. Mwambie ilikuwa nzima. Baridi zote zile ilikuwa nzima. Mwambie nilikuwa naona haya."

Nikamwambia. Mwanawe akainuka akenda dirishani. Yule mzee aliinamisha kichwa, akatazama ndani ya kikombe chake, vile vile kabisa kama siku ya arusi, na ndipo nilipoona alichokuwa anafanya. Alikuwa hataki kumtazama ndugu yake usoni wakati ndugu yake amefedheheka. Basi. Hakuna zaidi ya hapo.

"Adri," akasema ndani ya kikombe. Najua. Nikalikumbuka lile blanketi.

Nilifungua mdomo kulifasiri, Ami akanizuia kwa mkono. Alikuwa ameshika ncha ya shali machoni. Kaka akanyoosha kikombe bila kukitikisa, na Ami akamwongeza kahawa.